Habari Ziwafikie

Zamani Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na matangazo ya vifo, na mtaa mzima uliyasikiliza. Mtangazaji aliyasoma taratibu, hana haraka: bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea jana; habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Muheza, fulani wa Mombasa, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Watu wazima walinyamaza, wakitega sikio kama litatajwa jina wanalolijua. Sisi watoto tulingoja yaishe turudi kwenye michezo. Mmoja wetu hakuwa akingoja yaishe. Alikuwa akiyahifadhi.

Alikuwa mtoto wa jirani, Ngamiani, Tanga, ambako barabara huitwa kwa namba. Kuzungumza alikuwa hazungumzi: ukimwita haitiki, ukimuuliza amekula nini anaangalia bega lako. Lakini asubuhi, amekaa barazani peke yake, aliyarudia matangazo ya jana yote, neno kwa neno, kwa sauti ya mtangazaji yule yule, hata pale alipokohoa. Mbele yake visoda vimepangwa mstari mrefu, vyekundu kwanza, kisha vya kijani, kisha vya bluu. Sisi visoda tulivichezea drafti. Yeye alivipanga, akaviangalia, akavipanga tena. Ukikisogeza kimoja, na tulikisogeza makusudi kwa sababu watoto nao wana roho mbaya zao, alipiga ukelele uliowatoa watu majikoni.

Mtaa ulikuwa na majibu ya kutosha. Kuna waliosema ni degedege lililompata akiwa ananyonya, yule ndege wa usiku anayepita juu ya kitanda cha mtoto. Kuna waliosema mama yake alipita chini ya mbuyu saa ya magharibi, naye ana mimba. Na kuna waliosema kwa kunong'ona, mkono mdomoni, kwamba mama mtu alikula cha watu, sasa analipa. Mtoto akanyweshwa kombe, akavishwa hirizi, akapelekwa kwa mganga ng'ambo ya Pangani, akarudi kama alivyokwenda. Katika hayo yote simkumbuki mtu aliyekaa na mama yake akamuuliza: wewe unayelala naye na kuamka naye, unamwona vipi? Siku moja jirani alimpa pole kwamba mwanawe hasikii. Mama mtu alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso. "Anasikia," akasema. "Anasikia kupita nyie nyote." Nikadhani anajiliwaza.

Neno usonji lilinifikia nimeshaanza kuota mvi. Nililifuata nyuma lilikotokea, nikitarajia kukuta habari za madaktari na dawa. Nilichokuta zaidi ni habari za watu waliolijua jambo hili kwa karibu na wakakaa miaka mingi bila wa kuwauliza.

Mwaka 1938, katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani, wakili mmoja aitwaye Beamon Triplett alimkalisha karani wake mbele ya mashine ya taipu, akaanza kumtajia barua. Ilipokwisha ilikuwa na kurasa 33. Ilikwenda Baltimore, kwa Dk. Leo Kanner, bingwa wa maradhi ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, na ilimhusu mwanawe Donald, mwenye miaka mitano. Donald hakujali nani anaingia wala nani anatoka. Alifurahia kuzungusha sufuria na kila kilicho duara. Akitaka kitu alijiita "wewe", kwa kuwa ndivyo alivyosikia akiitwa. Na kabla ya kutimiza miaka mitatu alikuwa amehifadhi Zaburi ya 23, pamoja na maswali na majibu 25 ya katekisimu ya Kipresbiteri.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Mmoja kahifadhi Zaburi, mwingine kahifadhi matangazo ya vifo: kila mtoto alichukua kilichokuwa hewani kwao.

Kabla ya barua ile, Donald alikuwa amekaa karibu mwaka mzima katika taasisi ya watoto, mbali na nyumbani, kwa sababu madaktari waliwashauri wazazi wamwache huko waendelee na maisha yao. Mama yake, Mary, na mumewe wakaenda wakamchukua, ushauri wakauacha mezani. Kisha wakaandika walichokiona. Kanner, kwa sifa yake, aliisoma barua yote. Mwaka 1943 alichapisha makala kuhusu watoto 11, wavulana wanane na wasichana watatu, na wa kwanza katika orodha ni "Donald T." Makala hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa usonji kama jambo linalojitegemea. Ukiisoma kwa makini unamsikia wakili wa Forest akisema ndani yake, kwa maneno yake mwenyewe.

Jina lenyewe, autism kwa Kiingereza, Kanner hakulibuni. Alilikopa kwa Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, aliyelitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya "nafsi" mnamo mwaka 1911 hivi ili kueleza jinsi baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia wanavyojifungia ndani yao. Na wala Kanner hakuwa wa kwanza kuwaona watoto wa namna hii. Grunya Sukhareva, daktari mwanamke aliyefanya kazi Moscow, alikwisha kueleza habari za wavulana sita mwaka 1925, na mwaka uliofuata maelezo yake yakatoka kwa Kijerumani. Aliandika kwa jicho kali juu ya muziki wao, masikio yao yaliyoumizwa na kelele, utani wa wenzao shuleni. Ilichukua takribani miaka sabini hadi maelezo hayo yakatafsiriwa kwa Kiingereza. Mwanamke, Myahudi, Msovieti: hebu fikiri angekuwa ameandikia Baltimore.

Sasa hapa ndipo hadithi inapoharibika. Kanner aliwatazama wazazi wa watoto wale 11 akakuta ni wasomi: mawakili, madaktari, maprofesa. Akaandika pia kwamba wengi wao walikuwa watu wa vitabu zaidi ya watu wa mapenzi. Hakujiuliza vya kutosha ni mzazi wa aina gani, katika Marekani ya miaka ile, angeweza kumfikisha mtoto hadi kwenye chumba chake. Mlango ulikuwa mwembamba, akadhani walioingia ndio watu wote waliopo. Mwaka 1949 akafika mahali pa kufananisha malezi ya wazazi hawa na jokofu lisiloyeyuka barafu. Kutoka hapo likazaliwa jina ambalo wanawake wa Marekani na Ulaya walilibeba kwa miaka ishirini: mama jokofu. Mtoto hazungumzi kwa sababu mama hakumpenda.

Aliyelivumisha kuliko wote ni Bruno Bettelheim wa Chicago. Alikuwa amefungwa katika kambi za Wanazi, Dachau na Buchenwald, na katika kitabu chake cha mwaka 1967 aliwafananisha watoto wenye usonji na wafungwa wa kambi zile. Ukikubali mfano huo, ujue askari wa kambi ni nani. Dawa yake ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi. Televisheni zilimwalika, magazeti yakamsifu, na nyumba kwa nyumba kina mama waliokuwa hawajalala usiku mzima wakimbembeleza mtoto asiyebembelezeka waliambiwa kwamba wao ndio ugonjwa.

Nimewahi kusikia watu wetu wenye elimu wakicheka habari za mbuyu na magharibi. Wacheke, lakini wakumbuke Chicago. Pale Ngamiani mama alilaumiwa, ni kweli, ila lawama ilikuwa na njia ya kutokea: kama ni shetani, shetani huchezewa ngoma, na ndugu wa mume na wa mke huchanga, hula pamoja, hukesha pamoja. Chicago mama alilaumiwa peke yake, kwa cheti na kwa bili, na hakuna ngoma iliyochezwa. Sisemi hili kuusifu uganga. Mama wa jirani yetu aliuza cherehani, kisha mbuzi, kisha bangili, na mtoto alibaki kama alivyo. Utafiti uliofanywa Kilifi na Mombasa na kuchapishwa mwaka 2015 uliwakuta wazazi, na wataalamu pia, wakitaja mapepo, uchawi na laana kwa pumzi ile ile wanayotaja maambukizi, matatizo ya uzazi na urithi. Ndivyo tulivyo: tunakwenda hospitali asubuhi na kwa mganga jioni, na mwenye kulipia vyote viwili mara nyingi ni mama yule yule anayesemwa.

Aliyelivunja jokofu alikuwa mzazi. Bernard Rimland alikuwa mwanasaikolojia wa jeshi la maji la Marekani huko San Diego. Mwanawe Mark alizaliwa mwaka 1956, akilia tangu siku ya kwanza, na Rimland alimjua mkewe vizuri mno kuamini hadithi ya ubaridi. Akasoma kila kilichoandikwa, na mwaka 1964 akatoa kitabu kilichosema waziwazi kwamba chanzo kiko katika mwili, katika ubongo, wala hakimo katika mapenzi ya mama. Mwishoni mwa kitabu aliweka fomu ya maswali. Wazazi waliijaza wakampelekea kwa posta, barua juu ya barua. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu anayepokea barua za kina Beamon Triplett wote wa dunia. Kanner mwenyewe aliandika dibaji ya kitabu hicho, na mwaka 1969, mbele ya mkutano wa wazazi, alisimama akasema anawaondolea hatia. Ukumbi ulisimama kumshangilia. Mimi ningependa kujua ni wangapi walishangilia huku wanalia, maana hatia ile walipewa na watu wa taaluma yake, na yeye ndiye aliyewapa mfano wa kuitumia.

Miaka minane baadaye, 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, nne zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Urithi, basi. Leo inajulikana kwamba jeni zinazohusika ni nyingi mno na kwamba hakuna ufunguo mmoja. Na yule ndege wetu wa degedege? Mwaka 2006 ilichapishwa ripoti ya watoto wa Tanzania ambayo ndani yake wamo baadhi ambao dalili zao zilianza baada ya malaria kali. Haisemi kwamba malaria ndiyo mzizi wa usonji, hapana. Lakini bibi wa Ngamiani aliyesema "tangu lile degedege" alikuwa ametazama kitu kwa macho yake. Alichokosea ni ndege tu.

Habari za chanjo nitazipita mbio, kwa kuwa zimekwisha kupewa muda kuliko zinavyostahili. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha makala London kuhusu watoto 12. Mwaka 2010 jarida likaifuta na yeye akafutwa katika daftari la madaktari. Tafiti za mamia kwa maelfu ya watoto hazikuona uhusiano wa chanjo ya surua na usonji. Ujumbe wa sauti bado unazunguka kwenye simu zetu, na surua inaua.

Vienna sitaipita mbio. Hans Asperger aliwaeleza wavulana wanne mwaka 1944, akaonyesha vipawa vyao, akawaita kwa utani maprofesa wadogo, na kwa muda mrefu alisimuliwa kama daktari mwema aliyewaficha watoto wasiuawe na Wanazi. Jina lake likawa jina la hali, na watu wengi wakajitambulisha kwalo kwa fahari. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech aliyafungua majalada. Asperger alikuwa amewapeleka watoto Am Spiegelgrund, kliniki ya Vienna ambako watoto 789 walikufa wakati wa vita, wengi kwa dawa za usingizi walizopewa kidogo kidogo. Mmoja alikuwa binti ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, aliyepelekwa mwaka 1941 na kufa baada ya miezi miwili. Katika cheti cha kumpeleka, daktari aliandika kwamba mtoto huyu lazima awe mzigo usiobebeka kwa mama yake.

Mama tena. Huku alaumiwe, kule atumiwe kama sababu.

Sijui la kufanya na ukweli kwamba mtu yule yule aliweza kuandika kwa upole juu ya mvulana anayependa hesabu na kutia saini karatasi ya binti asiyesema. Pengine hapo pana onyo kwa sisi tunaopenda kusimulia usonji kwa kutaja vipaji: huyu anajua kompyuta, yule anakumbuka tarehe zote, yule wa filamu ya mwaka 1988 anahesabu karata za Las Vegas. Anayemthamini mtoto kwa kipaji tu, asiye na kipaji atamfanya nini?

Aliyelirudisha jina la Asperger, mwaka 1981, bila kuyajua yaliyomo majaladani, ni Lorna Wing, daktari wa London aliyekuwa na binti mwenye usonji. Kwangu mimi yeye ndiye mkubwa kuliko wote katika hadithi hii. Mwaka 1979, pamoja na Judith Gould, alichapisha matokeo ya utafiti wa Camberwell, kusini mwa London. Hawakukaa kliniki kungoja waletewe watoto. Walikwenda kuwatafuta wote wenye ulemavu katika eneo lile, wa matajiri na wa maskini, wanaosema na wasiosema, wakakuta kwamba mstari wa Kanner ulikuwa umechorwa katikati ya watu wa namna moja. Kuna mtoto anayejitenga, kuna anayekaa tu bila kuanza salamu, kuna anayekujia kwa kishindo na maswali yasiyokwisha kuhusu treni. Wote wamo. Likazaliwa wazo la wigo.

Mvuvi atalielewa hili upesi. Badilisha nyavu, toa yenye matundu makubwa utie yenye matundu madogo, na jioni ufuoni watu watasema samaki wameongezeka. Mwaka 1966 Victor Lotter alihesabu watoto wa Middlesex, Uingereza, akapata wanne au watano katika kila 10,000. Mwaka 2025 Marekani ilitangaza mtoto mmoja katika kila 31 wa umri wa miaka minane. Katikati ya namba hizo mbili, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutenga usonji na skizofrenia mwaka 1980, ukapanua vigezo, na mwaka 2013 ukaunganisha majina yote kuwa wigo mmoja. Wasichana, waliojifunza kujificha kwa kuiga wenzao, wakaanza kuonekana. Na wengi ambao zamani wangeandikwa "taahira" wakaandikwa jina jingine. Sehemu kubwa ya ongezeko ni nyavu. Lotter huyo huyo, katika miaka ya 1970, alikuja Afrika na kuzunguka miji tisa ya nchi sita, Kenya ikiwemo, akipita kwenye vituo vya watoto wenye ulemavu wa akili. Aliwapata wachache. Wako waliosoma hesabu hiyo wakasema usonji ni mambo ya Wazungu. Lakini mtoto wetu wa Ngamiani hakuwa kwenye kituo chochote. Alikuwa barazani, anatangaza vifo.

Mabadiliko ya mwisho ndiyo ninayoyapenda, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimeshayaandalia sarufi. Kwa miaka hamsini wataalamu waliandika kwamba mwenye usonji haelewi watu: hasomi uso, hajui mwenzake anawaza nini. Mwaka 1993, kwenye mkutano mmoja Toronto, Jim Sinclair, mwenye usonji, aliwaambia wazazi wasimlilie mtoto aliye hai kana kwamba amekufa. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, akauliza swali la mtoto: kama mimi sikuelewi na wewe hunielewi, kwa nini tatizo liandikwe kwangu peke yangu? Alihitaji kurasa nyingi za Kiingereza kulieleza hilo. Sisi tunaongeza silabi moja. Kutoelewa ni kwa mtu mmoja. Kutoelewana ni kwa wawili.

Watafiti wa Edinburgh walilijaribu hilo mwaka 2020 kwa mchezo ambao kila mtoto anaujua: mtu wa kwanza anasimuliwa hadithi, anampasia wa pili, wa pili wa tatu, hadi wa nane. Wenye usonji walipopasiana wao kwa wao, habari ilifika salama sawasawa na kwa wasio na usonji wao kwa wao. Walipochanganywa, ikapotea njiani. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata haukuiona tena hasara ile ya kuchanganyika, lakini jambo moja lilisimama pale pale: wenye usonji walizifikisha habari kama watu wengine.

Namrudia Donald, kwa sababu maisha yake yalikuwa marefu na watu waliyaandika. Alipofika miaka tisa hivi, wazazi walimweka kwa mume na mke wakulima karibu na mji. Kanner alikwenda kumwona. Wakulima wale hawakuwa na shahada yoyote. Donald alikuwa na wazimu wa kupima. Wakampa kazi ya kupima kina cha kisima. Alikuwa akihesabu kila kitu. Wakamwachia ahesabu mistari ya mahindi huku analima kwa jembe la farasi. Alikuwa akiokota ndege waliokufa. Wakampa kipande cha ardhi awazike, aweke na alama za makaburi. Kisha akasoma sekondari ya Forest, akapata digrii mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mjini kwa zaidi ya miaka sitini, akacheza gofu, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, Afrika ikiwemo. Watu aliowapenda aliwapa namba. Waandishi wawili waliokwenda kumtafuta uzeeni walionywa na zaidi ya mtu mmoja mjini kwamba wakimdhuru Don watatafutwa.

Mji ulimzoea. Sina neno jingine. Kuzoea si kuponya, wala si kuvumilia. Anayevumilia anahesabu siku, aliyezoea amesahau kuhesabu. Lakini nisiseme uongo kwa utamu wa hadithi. Benki ile ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Na katika Mississippi ile ya ubaguzi, mtoto mweusi mwenye kuzungusha sufuria asingefika Baltimore, na pengine asingefika hata kwenye karatasi. Kanner alipowafuatilia watoto wale 11 mwaka 1971, alikuta waliopelekwa kwenye hospitali kubwa za serikali wamezimika humo. Mwenyewe aliandika kwamba kulazwa huko kulikuwa kama kifungo cha maisha. Watoto wa wigo mmoja, malango mawili.

Nasi tuna malango yetu. Siku hizi kuna vitengo vya usonji ndani ya shule za msingi za kawaida, Dar es Salaam na kwingineko. Nairobi, shule ya City Primary, Ngara, ilifungua chake mwaka 2003. Tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, kila mwaka kuna maandamano na fulana za bluu. Mabingwa wa kupima ni wachache na wako miji mikubwa, na kutoka Handeni nauli ni nauli. Na wako watoto ambao sasa hivi, unaposoma, wamefungwa kamba kwenye mguu wa kitanda, kwa sababu mama yao amekwenda kuuza mboga na hana wa kumwachia. Usianze na huyo mama. Tafadhali, safari hii usianze na huyo mama.

Donald Triplett alifariki mjini kwao Juni 2023, akiwa na miaka 89. Mwenzake wa Ngamiani anakaribia hamsini na yu hai. Mama yake amezeeka, macho yamepungua nguvu, na hadi leo hakuna daktari aliyemwandikia jina la hali ya mwanawe. Asubuhi mwanawe yuko sokoni kwenye meza ya mjomba wake, anapanga machungwa kwa mafungu, matano matano, na mjomba anasema tangu aanze hapajatokea fungu lenye kasoro. Wateja wa siku zote wamejua wasiliguse fungu la katikati.

Ukipita pale, msimamie upande wa kushoto, anapopapenda watu wasimame. Msalimie mara moja tu. Usimshike bega, usirudie salamu kwa sauti ya juu kana kwamba ni kiziwi. Jibu litakuja, wakati mwingine umeshalipa na umeshageuka kuondoka. Simama ulipokee.